Trei Mbili za Machicha

Jumatatu, 4 Agosti

Nimerudi kutoka Semarang, kwenye semina. Hoteli nzuri, sambal yao, pilipili ya kusaga, tamu kama jamu — chakula cha wagonjwa! Kichwa kizito. Mkufunzi, kijana wa miwani myembamba, katwambia mwalimu wa sasa hajibu. Anauliza. Mwanafunzi anachagua tatizo la mtaani kwake, analichunguza, anakosea, anajirekebisha. Mwalimu yuko pembeni. Asikataze, asitoe suluhisho. Nikamwuliza: na akikosea jambo la hatari? Akatabasamu. "Wewe unaonaje, Bu Palupi?"

Basi ndiyo mbinu yenyewe.

Mkuu wa shule, Pak Gunarso, anataka idara yangu ianze. Usindikaji wa vyakula. Eti sisi tuna jiko, tuna friji, hatuna kisingizio.

Nimejaribu nyumbani. Mas Priyo kaniuliza, tochi iko wapi? Nikamjibu: unadhani iko wapi? Mume wangu akanitazama kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimesoma makabrasha ya semina tena. Sielewi zaidi ya jana. Kama sijibu, mshahara napokea wa nini?

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimeanza na wanafunzi wa mwaka wa pili. Nikawaambia: chagueni tatizo la chakula la hapa kwetu Banyumas, mtalishughulikia muhula mzima, na mimi sitawapa majibu.

Wakatazamana. Mpaka feni ya darini ikasikika.

Tegar — yule mrefu, anayelala kipindi cha tatu kila siku — akainua mkono. "Mwalimu, unaumwa?"

Wakacheka wote. Halafu zikaanza zilezile: chipsi za ndizi, chipsi za muhogo, chipsi za mchicha. Nikawa naandika ubaoni huku nasinzia ndani ya moyo. Ndipo Khotimah akasimama. Msichana mkavu huyu, hana maneno mengi, skafu yake haijawahi kupinda. Akasema anataka kuchunguza bongkrek.

Tegar akaketi wima.

Tempe ya soya, ile soya iliyogandishwa kwa ukungu, tunakula asubuhi, mchana, jioni. Bongkrek ni tempe ya machicha ya nazi, ile ya maskini, iliyokuwa inaua watu wilaya hii mpaka ikapigwa marufuku. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka watu wazima wakiitaja kwa sauti ya chini.

"Kaka wawili wa bibi yangu waliila wakafa," Khotimah kasema. "Nyumbani wanasema ni nuksi ya nyumba. Shuleni mnasema ni bakteria. Hakuna aliyewahi kunionyesha. Mimi nataka kuona ni nini kilichowaua."

Neno "hapana" lilikuwa tayari mdomoni, limeshakaa kwenye ulimi! Nikalimeza. Nikauliza: utaanzaje? Akasema hajui. Basi kengele ikalia.

Hilo ndilo swali bora nililowahi kusikia darasani kwangu. Ndilo linalonitisha. Sijui kama ninafurahi.

Ijumaa, 8 Agosti

Pak Gunarso kapiga meza. Safi sana! Utamaduni wa kwetu, sayansi, historia — wageni wa wizara watalia machozi kwenye maonyesho!

Nikamkumbusha kwamba ni sumu.

Akavuta kikombe chake. "Basi wasiipike."

Niwakataze, Pak?

"La, la. Kukataza hairuhusiwi, si ulisikia kule semina? Waulize tu maswali mpaka waache wenyewe."

Na wasipoacha?

"Bu Palupi, wewe mbona una maswali mengi hivi?"

Nimetoka ofisini sijui nimeruhusiwa au nimezuiwa. Nadhani na yeye hajui.

Jumapili, 17 Agosti

Sikukuu ya Uhuru. Bendera kila kona, watoto wanashindana kula vibanzi vilivyoning'inizwa kwenye kamba, mikono nyuma. Mas Priyo kaingia kwenye kuvuta kamba, sasa amelala kifudifudi nampaka mafuta ya kuchua.

Nimekutana na bibi yake Khotimah. Mbah Karsinem. Mdogo kama kifaranga, mdomo mwekundu wa tambuu. Khotimah kaniinamia, kanibusu mkono, kamvuta bibi yake mbele.

"Ndiye huyu mwalimu asiyejibu?" Mbah kauliza. "Mjukuu wangu anasema umekuwa kama mganga. Mtu akikuuliza, unamrudishia."

Nikacheka, nikamwambia ndiyo mtindo mpya.

"Mimi shule sikwenda, sikukosa kitu kumbe. Kuuliza nauliza bure."

Nikamwuliza kuhusu bongkrek. Kwa upole, nikidhani atakunja uso. Hakukunja. Macho yakamng'aa! Akaeleza ilivyokuwa laini, inavyonyonya mafuta, inavyolia kikaangoni, na pilipili mbichi pembeni. Soya haifiki hata kwenye unyayo wake. Akameza mate. Khotimah kasimama pale akimtazama bibi yake vile, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Lakini iliwaua kaka zako, Mbah," nikasema.

"Iliwaua," kasema. "Ilikuwa tamu, na iliwaua. Unataka nichague moja?"

Nikamnunulia barafu ya sharubati.

Jumatano, 27 Agosti

Sijawahi kuona darasa likifanya kazi hivi. Tegar halali! Anasoma habari za bakteria kwenye simu wakati wa mapumziko, anawafuata wenzake na mkate mkononi: "Sikilizeni, hii sumu haina harufu, haina ladha, na ukikaanga haifi. Haifi! Unakaanga unajipikia kaburi." Wamegundua kwamba wataalamu walishajaribu kuchachua machicha kwanza, ili yule bakteria ashindwe kukua. Wanataka kujaribu maji ya majani machachu yanayoota kando ya mashamba ya mpunga.

Nikauliza: nini kinaweza kuharibika? Wakaujaza ubao mzima. Glovu. Barakoa. Friji yenye kufuli. Hakuna kuonja. Kila kitu kuchomwa mwishoni. Sikuchangia hata neno. Nilijisikia mwalimu mkubwa — na pia kama mtu aliyesahaulika kituoni.

Halafu Tegar akauliza lile. "Mwalimu, tukitengeneza trei moja tu yenye majani, ikatoka safi, tutajuaje ni majani yaliyozuia? Labda bakteria hakuwepo tu. Si lazima iwepo na trei isiyo na majani?"

Ana haki. Ndivyo sayansi ilivyo. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kulinganisha, mwaka jana, kwa mtindo wa zamani, ubaoni.

Lakini trei isiyo na majani ni trei ya kutengeneza sumu. Ndani ya shule. Kwa makusudi.

Nikamrudishia: ninyi mnaonaje? Wakapiga kura. Wote mikono juu.

Nimekuja nyumbani nikamweleza Mas Priyo. Kasema, "Kwa hiyo watoto wamekuamulia." Siyo hivyo, nikasema. "Basi wewe ndiye umewaamulia." Siyo hivyo pia! Akaacha mjadala akaenda kulisha njiwa.

Jumatatu, 1 Septemba

Wamekanda machicha leo. Trei mbili, mifuniko miwili, mmoja umeandikwa MAJANI, mwingine BILA. Wamevaa kama madaktari wa upasuaji. Nimesimama pembeni, mikono nyuma, nimeuma meno mpaka taya linauma.

Pak Gunarso kaja kupiga picha. Amesimama mbali.

Alhamisi, 4 Septemba

Zimekubali! Ukungu mweupe umetanda juu ya machicha kama pamba, umeyashika kitu kimoja, ukikata kwa kisu kipande kinasimama. Trei zote mbili. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Harufu yake — Mungu nisamehe — nilisikia njaa.

Asubuhi wamekata sampuli, kila trei na chupa yake, nikazipeleka mwenyewe kwenye maabara ya chuo kikuu Purwokerto. Majibu Jumatatu. Zilizobaki ziko kwenye friji ya kufuli kwa ajili ya maonyesho, halafu zitachomwa. Kesho Maulidi, shule imefungwa, kisha mwisho wa wiki. Khotimah kaomba awe anakuja kuangalia joto la friji. Wanafunzi wamepanga zamu yao wenyewe, ufunguo uko mikononi mwao. Semina ilisema tuwaamini.

Nawaamini. Nimeandika hivyo ili nijione nikiandika.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimefua. Nimemfokea Mas Priyo bila sababu. Nimempigia Khotimah, kasema joto la friji liko sawa. Mbona nilimpigia? Sauti yake ilikuwa ya kawaida.

Jumatatu, 8 Septemba

Naandika kwenye benchi la kituo cha afya. Nikiacha kuandika nasimama, nikisimama nazunguka, na muuguzi ameshaniambia nikae.

Asubuhi darasani walifungua friji ili kuandaa meza ya maonyesho. Trei yenye mfuniko wa MAJANI ina pengo pembeni. Kipande cha ukubwa wa kiganja hakipo.

Tegar kafanya utani kwanza — eti paka wa shule amejiunga na mradi. Hakuna aliyecheka. Nikauliza nani. Khotimah alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nilimpelekea Mbah aione," kasema. "Jana. Aione tu. Anuse. Aliniomba, Mwalimu. Ameniomba mwezi mzima."

Iko wapi sasa?

"Kasema ataitupa."

Sikumbuki nilivyoendesha pikipiki. Khotimah nyuma yangu alikuwa amenishika mbavu mpaka sasa pananiuma. Tulimkuta Mbah Karsinem jikoni, kwenye kigoda, anapangusa mikono kwa jani la mgomba. Kikaango bado kina mafuta. Mabua ya pilipili kwenye sahani.

"Chumvi mliisahau," kasema.

Khotimah akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtoto yule. Akapiga magoti akamtia bibi yake vidole mdomoni ili atapike! Mbah akamng'ata. Nikawatenganisha. Nikamwuliza: Mbah, umekula lini? Alfajiri, baada ya sala, na wali wa jana. Kiasi gani? Yote. Unasikia nini mwilini?

"Nasikia kushiba."

Hakutaka kuja huku. Kasema yeye hakuiba, kapewa na mjukuu wake, chakula chake kakila nyumbani kwake, serikali inahusikaje? Ilibidi jirani amnyanyue kama mzigo, akimtukana njia nzima kwa lugha ya zamani ambayo wengine hatuijui tena.

Daktari ni msichana mdogo, labda mwaka wake wa kwanza kazini. Alipolisikia jina la bongkrek akakaa chini. Kasema amelisoma tu kitabuni. Kasema dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini hakuna. Ni kumsaidia mgonjwa na kungoja, tukiangalia dalili: jasho, kizunguzungu, usingizi. Kampigia simu hospitali ya Purwokerto, kaita gari la wagonjwa, gari liko njiani kutoka milimani na mama mjamzito. Tungoje.

Nikawapigia maabara. Nikawaeleza. Dada aliyepokea akaenda, akarudi, nikamsikia anapumua kabla ya kusema. Chupa ya MAJANI — safi. Chupa ya BILA — ina sumu, na si kidogo.

Nilimwambia Khotimah. Alishika ukuta. "Nilikata ya MAJANI," kasema. "Nilisoma mfuniko mara mbili. Mwalimu, nilichagua ile salama. Mimi siyo mjinga!" Na machozi yakamwagika, na mimi pia, tukashikana pale mlangoni kama watu waliotoka kuokolewa baharini.

Halafu akaja Tegar, kwa baiskeli, jasho tupu. Nikamwambia habari njema. Hakufurahi. Alikuwa anapindapinda kofia yake.

"Mwalimu... Alhamisi baada ya wewe kuondoka na sampuli tuliosha mifuniko. Yote miwili, pamoja. Mimi ndiye niliyeirudisha."

Uliirudisha vipi?

"Nadhani sawa."

Unadhani?

"Trei zinafanana, Mwalimu. Tuliandika kwenye mifuniko tu."

Khotimah kamrukia, kampiga kifuani kwa ngumi mbili, anamwita mbwa, na Tegar kasimama tu apigwe. Nikamtuma arudi shuleni akapime uchachu kwa karatasi. Karudi: zote mbili rangi ileile. Ukungu umeshaula uchachu wote. Maabara wanasema leteni vipande vingine, jibu kesho.

Kesho!

Pak Gunarso kapiga simu. Swali lake la kwanza: ilitokea ndani ya saa za kazi? La pili: zile picha alizoweka kwenye ukurasa wa shule, aziondoe? Nikamwambia aje. Kasema ana mkutano. Baadaye katuma ujumbe: "Bu, kwenye taarifa andika kwamba uliwakataza." Nimeusoma tena na tena. Sikuwakataza. Uliniambia nisiwakataze. Au uliniambia niwakataze? Nimejaribu kukumbuka maneno yake siku ile na kila nikikumbuka yanatoka vingine.

Mama yake Khotimah, Bu Tarmi, kafika kutoka kiwandani, bado ana vumbi la mbao nywele nzima. Nilitaka anipige. Hakunipiga. Kakaa kwenye benchi hili, karibu yangu kabisa, kauliza kwa sauti ya kawaida.

"Mwalimu, ulimwambia asiitoe shuleni?"

Nikasema waliandika sheria wenyewe ubaoni: hakuna kuonja.

"Sikuulizi wao. Nakuuliza wewe. Ulimwambia?"

Nikasema niliwauliza nini kinaweza kuharibika.

Alijipangusa vumbi usoni. "Mwanangu anakusikiliza wewe kuliko mimi. Ungesema hapana, angekunja mikono akakaa. Neno lenyewe dogo hivyo. Lilikushinda nini?"

Sina jibu. Sasa sina kweli, siyo mtindo.

Niliingia kumwona Mbah. Wamemtundikia maji. Analalamika sindano inamwasha. Nikamwuliza kwa nini, Mbah? Ulijua.

Akasema jioni ile mama yao aliwakaangia wote watatu, yeye akatumwa kwa shangazi kurudisha ungo. Alilia njiani. Aliporudi sahani ilikuwa tupu, hawakumwachia hata kipande. Aliwaapiza. "Mbwa ninyi, mfe." Maneno ya mtoto. Asubuhi walikuwa wamefunikwa shuka.

"Watu wakasema nuksi. Mimi nikajua ni mdomo wangu. Huyu mjukuu ananiambia, Mbah, siyo wewe, ni kidudu, nimekiona kwa hadubini, kina mkia. Miaka yote hii na ni kidudu chenye mkia!" Alicheka, akakohoa. "Nikasema, basi na mimi nile kipande changu."

Sikuelewa. Bado sielewi. Nilimfunika miguu.

Gari limefika. Daktari kasema apande sasa hivi, tusingoje jibu. Mbah kagoma. Kashikilia chuma cha kitanda.

"Nimekula ya majani. Mtoto kasema. Ya majani ni salama, mashine imesema. Mnanipeleka mjini kufanya nini? Nataka nyumbani, kuku hawajala." Kisha kanigeukia, na wote wakageuka pamoja naye — daktari, Bu Tarmi, Khotimah, Tegar mlangoni na kofia yake. "Mwalimu. Ilikuwa ya majani au siyo?"

"Sijui, Mbah," nikasema. "Panda gari."

"Kama hujui—"

"Panda gari!"

Nilipiga kelele. Muuguzi aliangusha kitu. Mbah kanitazama, kaachia kile chuma.

Naandika haya ndani ya gari sasa, herufi zinarukaruka. Bu Tarmi kakaa mbele na dereva, hageuki nyuma. Khotimah kashika mkono wa bibi yake, anahesabu mapigo midomo ikicheza, kama tulivyofundisha kwenye huduma ya kwanza. Tumepita daraja la mto Serayu.

"Mwalimu," kasema bila kuinua macho, "mradi wetu umefanikiwa, siyo? Ya majani safi, ya bila ina sumu. Tumejua kilichowaua."

Nikasema ndiyo. Mmefanikiwa.

Akaitikia kwa kichwa. Akaanza kuhesabu upya.

Mbah anasema kuna joto. Anasema tufungue dirisha. Juu ya mdomo wake pana jasho, matone madogo madogo. Ni Septemba, gari limefungwa, sisi wote tunatoka jasho. Nimejigusa mdomo wangu — na mimi nimelowa. Anasema tena, tufungue. Nimefungua. Upepo unaingia mwingi, skafu ya Khotimah inapepea, na Mbah anasema bado kuna joto.